Hita Iliyogoma Asubuhi za Baridi

Hita iliwaka mara ya kwanza. Noreen Tsosie alibonyeza kitufe, feni ikaanza kuvuma, kiwashio kikaiva chekundu ndani ya kidirisha chake, kisha gesi ikaingia na moto wa buluu ukatandaa chini ya mabomba kwa mshindo laini. Alizima, akasubiri dakika mbili, akawasha tena. Ikawaka. Mara ya tatu ikawaka vilevile, na Noreen akakasirika, maana hakuna kinachoudhi kama kuitwa kwa mgonjwa mahututi ukamkuta amekaa kitandani anadai chakula.

"Ndiyo tabia yake hiyo," alisema Eusebio Arvizu, mtunzaji wa bwawa la kuogelea, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kofia mkononi. "Akija mtu wa maana inakuwa na adabu. Akiondoka, inanitukana."

"Inakutukana vipi?"

"Haiwaki, dada. Nabonyeza mpaka kidole kinauma."

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi Januari, jua la Arizona limeshapanda na maji ya bwawa yanatoa mvuke mwembamba. Kijiji cha Palo Verde, pale Mesa, kina viwanja mia moja na ishirini vya nyumba za magurudumu ambazo hazijatembea tangu zifike, na wakazi wake wengi ni wazee waliokimbia theluji ya Minnesota, Dakota na Kanada. Kila siku saa moja asubuhi wazee hao huingia majini kunyoosha viungo. Ili maji yawe na joto saa hiyo, hita inatakiwa iwake yenyewe saa kumi alfajiri. Mwezi ule ilikuwa imegoma mara tano. Mara ya tano mama mmoja mwenye ubishi aliingia hivyohivyo, akatolewa midomo imebadilika rangi, akapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa.

Kila hita ilipogoma aliitwa fundi, na kila fundi alipofika, saa nne au saa tano, hita iliwaka bila maswali. Baada ya mara ya tano fundi alichoka, akaandika kwenye karatasi yake sentensi moja: kuna mtu anafunga gesi kwa mkono. Wajumbe wa kamati walipoisoma sentensi hiyo waligeuka wote upande mmoja. Funguo za uzio wa mitambo zilikuwa kwa Eusebio. Tena mwezi Desemba walikuwa wamemnyima Eusebio likizo ya kwenda kumwona mama yake Nogales, naye aliondoka kwenye kikao bila kuaga. Hesabu yao ikawa imekamilika.

Kura ingepigwa siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Akikutwa na kosa, ifikapo Jumamosi Eusebio angerudisha funguo zote, pamoja na ule wa nyumba ndogo ya langoni aliyoishi na mkewe kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu nyumba ile ilikuja na kazi na ingeondoka na kazi.

Noreen alikuwa mpelelezi wa moto wa serikali kwa miaka ishirini na miwili. Alistaafu, akakaa nyumbani miezi mitatu akigombana na paka, kisha akaanza kuitwa na watu waliotaka kujua kwa nini kitu fulani kimeungua au kimekataa kuungua. Safari hii aliyemwita ni mwenyekiti wa kamati, Bi Ardis Halvorson. "Nataka haki itendeke," Bi Ardis alimwambia kwenye simu, akalirudia neno hilo mara tatu. Noreen aliona mara tatu ni nyingi.

Alianza na maji, kwa sababu hita ya bwawa haikubali kuwaka kama maji hayapiti. Alisoma geji ya presha juu ya chujio, akafungua kikapu cha pampu, akafuata mabomba kwa kidole. Chujio lilikuwa safi na vali zote zimekaa vizuri. Hata simenti ya chini ilikuwa imefagiliwa.

"Nani anafagia huku nyuma?"

"Mimi."

"Nani anakuja kupaona?"

"Hakuna."

Akaenda kwenye gesi. Alifunga kipimo chake, akasoma presha hita ikiwa imezimwa, akasoma tena ikiwa inawaka. Ilikuwa sawa mara zote mbili. Kisha akapiga magoti mbele ya vali, ile yenye mkono wa njano, akawasha tochi ingawa kulikuwa na jua, akakaa hapo muda mrefu hadi Eusebio akaanza kusogeza miguu.

"Kuna nini, dada?"

"Kuna buibui."

Utando ulikuwa umeshonwa kutoka kwenye mkono wa vali hadi kwenye bomba, wa zamani, umejaa vumbi na mabawa ya nzi. Mtu akiuzungusha ule mkono hata robo, utando unakatika. Noreen aliupiga picha nne. Halafu akageuza ndoo, akaikalia, akamwonyesha Eusebio ndoo ya pili.

"Kaa. Nieleze asubuhi ya mwisho ilipogoma. Usiruke kitu."

"Nilifika saa kumi na moja na nusu. Taa nyekundu inawaka. Nikabonyeza kitufe kuianzisha upya. Feni ikaanza. Nikasubiri. Taa nyekundu tena."

"Kile kiwashio kwenye kidirisha kiliiva?"

"Hapana."

"Fikiri vizuri. Kulikuwa na giza. Kingeiva ungekiona."

"Dada, nilikuwa nimeweka jicho hapo kama mtu anayechungulia jirani. Feni tu. Hakikuiva."

Noreen aliandika neno hilo, akalipigia mstari. Hita ya aina ile ina utaratibu wake, wala hairuki hatua. Kwanza inauliza maji. Ikijibiwa, inazungusha feni na kuuliza hewa. Ikiridhika na hewa ndipo inapokiivisha kiwashio, na kiwashio kikishaiva ndipo inapoita gesi. Kama gesi ingekuwa imefungwa kwa mkono, kiwashio kingeiva kwanza, kikasubiri gesi isiyokuja. Hita hii haikufika hata kwenye kuita gesi. Ilikwama kwenye hewa. Fundi angelijua hilo kama angemuuliza mtunzaji swali moja, lakini ni wachache wanaoona haja ya kumuuliza mtunzaji.

Alizunguka nyuma ya hita. Nafasi ilikuwa nyembamba, ya kupita kwa ubavu, kati ya bati la hita na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Ng'ambo ya ukuta ulisimama mbalungi mkubwa, umebeba matunda ya njano mpaka matawi yanainama upande wa bwawa. Noreen alimulika matundu ya kuvutia hewa mgongoni mwa hita. Kwenye kingo za bati kulikuwa kumenasa nyuzinyuzi. Alizitoa kwa kibano, akazisogeza puani. Zilikuwa nyuzi za pamba, nyeupe na chache za samawati, na zilinukia sabuni.

"Hiki kiwanja cha mbalungi ni cha nani?"

Eusebio aliutazama mti kwa muda mrefu kuliko mti unavyohitaji kutazamwa.

"Cha Bi Ardis."

"Nani huwa anakuja hapa nyuma usiku?"

"Sijui."

Ndiyo mara ya kwanza asubuhi ile alijibu bila kumtazama usoni, na Noreen, ambaye tayari alikuwa amempenda, alisikia huzuni. Alimshukuru, akaenda kumtafuta mshitaki.

Murray Petryshyn, mkulima mstaafu wa ngano kutoka Saskatchewan, alikuwa kwenye kibaraza chake akiwa amevaa kaptula na kofia ya sufu kwa pamoja. Yeye ndiye aliyeandika hoja ya kumfukuza Eusebio. Mbwa wake mdogo alimbwekea Noreen, akaridhika, akalala.

"Karibu, mama. Kahawa ipo. Umeshamkamata?"

"Nimkamate nani, mzee?"

"Tusizungushane. Mimi nimemwona kwa macho haya. Saa mbili usiku namtoa huyu mbwa, namwona Eusebio kajibana nyuma ya hita. Kesho yake, maji barafu. Siku nyingine tena, namwona, kesho yake barafu. Mara tatu! Sasa mtu anafanya nini nyuma ya hita saa mbili usiku? Anaswali?"

"Ulimwita?"

"Nilimwita. Akasema, 'Habari za jioni, mzee.' Ndiyo jibu hilo?"

"Alikuwa na kitu mkononi?"

Murray alikuna kofia. "Mikono yake ilikuwa juu ya ukuta. Sikuona kitu. Giza." Alionekana kuumizwa na swali, maana alikuwa mtu anayependa kusema alichokiona tu. "Mimi simchukii, uelewe. Ananiangalizia nyumba kiangazi kizima. Lakini yule mama karibu atufie majini."

"Tarehe hizo unazikumbuka?"

"Nazikumbuka vipi! Njoo ndani."

Jikoni, pembeni ya friji, ilining'inia kalenda. Karibu kila mraba wa siku ulikuwa na namba mbili, moja kwa wino wa buluu na moja kwa mwekundu.

"Hii ya buluu ni baridi ya hapa alfajiri. Hii nyekundu ni ya kwetu, kwa ndugu yangu Orest," alisema, na uso wake ukachangamka. "Kila siku saa tatu nampigia. Namwambia, 'Orest, nimekaa nje na kaptula, wewe umeshafukua theluji mlangoni?' Ananitukana mpaka simu inapata moto. Miaka tisa sasa. Bila hivyo siku haianzi."

"Hapa hakuna nyekundu. Na hapa. Na hapa."

"Siku hizo sikumpigia."

"Kwa nini?"

"Ningempigia nimwambie nini? Hata hapa kuligandisha! Angenicheka mpaka Pasaka."

Noreen alitoa daftari lake, akaliweka juu ya meza chini ya kalenda. Hita iligoma tarehe tatu, tisa, kumi, kumi na saba na ishirini na mbili. Murray hakumpigia ndugu yake tarehe tatu, tisa, kumi, kumi na saba na ishirini na mbili. Kwenye kila mraba namba ya buluu ilikuwa ishirini na tisa, thelathini, ishirini na nane, na kwa vipimo vya Marekani thelathini na mbili ndiyo kiwango ambacho maji hugeuka barafu. Siku nyingine zote za mwezi zilikuwa juu ya hapo, na siku nyingine zote hita iliwaka.

"Mzee Murray, usiku wa baridi ya kugandisha, watu wa hapa hufanya nini?"

"Wanafanya nini? Wanalala."

"Kabla ya kulala."

"Aah, wanafunika miti yao isiuawe na baridi. Machungwa, malimau, hayo mabalungi. Ukipita usiku utadhani mizimu imefanya mkutano. Shuka kila mahali." Alitia kahawa, akaendelea bila kujali. "Saa mbili, saa tatu asubuhi wanafunua. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, mzee. Kahawa yako nzuri."

Ilikuwa mbaya sana, lakini aliimaliza.

Nyumba ya Bi Ardis ilikuwa safi mpaka mtu anaona aibu kukaa. Alikuwa na miaka sabini na minane, mrefu, mwembamba, mzaliwa wa kaskazini ya Minnesota, na alimkaribisha Noreen kwa sahani ya biskuti za siagi ambazo hakuzigusa mwenyewe. Nje ya mlango wa nyuma, juu ya benchi, palikuwa na shuka kubwa mbili zilizokunjwa vizuri, nyeupe zenye mistari ya samawati.

"Mti wako umebeba, Bi Halvorson."

"Aliupanda Verlyn, mume wangu, mwaka tuliohamia. Mwaka huu ndio wa kwanza unazaa yeye hayupo." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kikunjo. "Unauonaje ule mtambo? Umeharibika?"

"Mtambo mzima. Nani anaufunika mti?"

"Mimi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Noreen alinyanyua kikombe. "Naomba sukari, samahani. Naiona pale juu ya kabati."

Bi Ardis alisimama, akautazama mkebe wa sukari uliokuwa juu kidogo ya kichwa chake, akainua mkono wa kulia. Mkono ulifika usawa wa kifua, ukakataa. Akabadilisha, akaushusha mkebe kwa mkono wa kushoto, akauweka mezani, akakaa. Wote wawili walijua kilichotokea. Noreen hakufurahia hila hiyo, ila muda ulikuwa saa saba na nusu.

"Bega lina muda gani?"

"Tangu Oktoba."

"Ule mti una urefu wa watu wawili, Bi Halvorson."

Bi Ardis aliusogeza mkebe hadi mbele ya kikombe cha mgeni.

"Eusebio ananisaidia," alisema mwishowe. "Redio ikitangaza baridi ya kugandisha, namwekea shuka hapo benchini. Usiku anakuja. Asubuhi, jua likishapanda, anazitoa kana kwamba anafagia tu nyuma ya hita. Nilimwomba asimwambie mtu."

"Kwa nini iwe siri?"

"Kwa sababu ya kanuni. Mfanyakazi wa kijiji haruhusiwi kufanya kazi kwenye kiwanja cha mtu binafsi. Akikutwa anafukuzwa." Alitabasamu kwa namna isiyokuwa na furaha. "Niliiandika mimi mwaka juzi. Watu walikuwa wanamfanya mtunza bustani wao, kila mtu kivyake, hapumziki. Nilidhani namlinda."

"Kwa hiyo Mzee Murray aliposema amemwona nyuma ya hita usiku, wewe ulijua alikuwa anafanya nini."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuita wewe!" Sauti ilimpanda, ikashuka palepale. "Nilidhani utakuta waya umekatika. Utakuta panya. Kitu chochote. Kisha mambo yaishe, na mimi nisiwe na haja ya kusema."

"Sikukuta panya. Nimekuta nyuzi za shuka zako kwenye matundu ya hewa."

Ilimchukua Bi Ardis muda kuelewa. Alipoelewa alishika ukingo wa meza.

"Ni mimi?" aliuliza polepole. "Yule mama aliyepelekwa hospitali... ni mti wangu?"

"Ni shuka. Saa tisa nitawaonyesha wote. Ninachoweza kuandika kwenye ripoti ni kile nilichokipima. Nani alimtuma nani, hilo si la kupima. Eusebio hatalisema, nimeshamwona. Litabaki kwako."

Noreen aliondoka akiwa na shuka moja kwapani. Kusema kweli, hakujua Bi Ardis angefanya nini. Alikuwa amewaona watu wazuri wakikaa kimya kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Akampitia Eusebio, aliyekuwa akisugua vigae vya ukingo wa bwawa kwa brashi ndogo, kazi ambayo mtu anayefukuzwa Jumamosi hana sababu ya kuifanya.

"Nimejua kuhusu shuka," alimwambia.

Brashi ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Shuka yenyewe. Unaifungaje?"

Eusebio aliangalia huku na huku kabla ya kujibu. "Naitupa juu ya mti. Upande wa huku naishusha nyuma ya hita, nabana juu kwa matofali mawili ili upepo usiibebe. Lakini naangalia, dada! Bomba la moshi liko mbali. Napima kwa mkono, lisiguse. Mimi si mjinga, najua moto."

"Ulifikiria moto."

"Ndiyo."

"Hukufikiria hewa."

Hakuelewa bado, naye Noreen hakumweleza. Alitaka aone pamoja na wengine, maana mtu akiona kwa macho yake hahitaji kuamini.

Saa tisa wajumbe watano wa kamati walisimama mbele ya uzio wa mitambo badala ya kukaa ukumbini, wakilalamika kuhusu jua. Bi Ardis alikuja wa mwisho. Murray alikuwa na karatasi ya hoja yake, ameikunja mara nne. Noreen alimwambia Eusebio asogee mpaka mbele ambako kila mtu angemwona.

"Tuanze na gesi," alisema. "Vali hii ina utando wa buibui wa wiki nyingi. Haijaguswa. Fundi alikosea. Sasa tazameni kidirisha."

Aliwasha. Feni ikavuma, kiwashio kikaiva, moto ukashika. Mjumbe mmoja akasema, sasa kumbe nzima. Noreen akaizima, akaingia kwa ubavu nyuma ya hita, akaitandaza shuka juu ya ukuta, akaishusha upande wa ndani, akaibana kwa matofali mawili. Ilining'inia imetulia, shibiri nzima kutoka kwenye bati, haigusi chochote.

"Bwana Arvizu, huwa inakaa hivi?"

"Hivyohivyo," alisema Eusebio, kisha akagundua amesema mbele ya nani.

"Bonyeza."

Alibonyeza. Feni ilivuma, na shuka ikaanza kutambaa. Ukingo wa chini ulijongea kwanza, kisha tumbo lote la kitambaa likavutwa, likaruka ile shibiri moja na kujibandika kwenye matundu ya hewa, limebana na kuonyesha mistari ya bati. Sauti ya feni ikabadilika, ikawa nyembamba. Kidirisha kilibaki cheusi. Hakuna kilichoiva. Zikapita sekunde ishirini, taa nyekundu ikawaka, feni ikazima, na shuka ikajiachia, ikarudi kuning'inia mahali pake imetulia, haigusi chochote.

Eusebio alikuwa amefungua mdomo. Mara tano alikuwa amesimama pale mbele akibonyeza kitufe, na mara tano ile shuka ilikuwa ikimfanyia hivyo mgongoni mwa hita, pasipo yeye kuona.

"Ukiifunua saa mbili asubuhi, fundi akija saa nne anakuta hita ina hewa," Noreen alisema. "Na mshukuruni Mungu ilikwama kwenye hewa. La sivyo ningekuwa na kazi nyingine hapa leo, na ningeifanya kwenye majivu."

Murray alikunjua karatasi yake, akaikunja tena. "Kwa hiyo hakufunga gesi."

"Hakufunga."

"Lakini shuka aliweka yeye." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaribu kufika mwisho wa hesabu. "Eusebio, ndiyo kitu ulichokuwa unafanya pale usiku?"

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Kwenye mti wa mtu?"

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

Eusebio alizungusha kofia mkononi. "Hakuna. Niliuona mti, nikauonea huruma."

"Basi kuna ile kanuni," alisema mjumbe mwingine, na hapo wakaanza. Kanuni ilisema nini hasa, ilisema kiwanja cha mtu au kazi ya malipo, je, huruma ni kazi, je, kura ya gesi inaweza kugeuka kura ya shuka au inataka kikao kipya. Walisemezana kama watu waliopata mchezo mpya. Noreen alimtazama Bi Ardis, aliyekuwa ameshika ule waya wa uzio kwa mkono wake mzima, anatazama chini.

"Samahani," alisema Eusebio. Walinyamaza, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kuwakatiza. "Mimi naomba kujua kitu kimoja tu. Mke wangu ameshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Jumamosi tuhame, au tusihame?"

Wajumbe walitazamana.

"Msihame," alisema Bi Ardis.

Aliuachia uzio, akasogea mbele hadi akasimama kando ya Eusebio, akawageukia wenzake.

"Mti ni wangu, mnaujua wote. Nilimtuma mimi. Kila usiku wa baridi ya kugandisha mwezi huu, na nikamwomba afiche. Alificha mpaka leo, mbele yenu, wakati mimi nimesimama hapa namwacha." Alivuta pumzi. "Juzi mlimwita mhalifu nikiwa kwenye kiti, na nilikuwa na neno moja tu la kusema. Sikulisema. Kanuni niliiandika mimi, na tazameni jinsi nilivyoiandika. Inamfukuza anayetumwa. Anayetuma haikumgusa."

"Ardis..." alianza Murray.

"Murray, chana hiyo karatasi. Anayehama leo ni mimi, kutoka kwenye kiti. Kichukue wewe, uandike kanuni vizuri kuliko mimi."

Murray aliichana. Aliichana vipande vidogovidogo, kwa bidii, kisha hakujua pa kuviweka, akavitia kwenye mfuko wa kaptula.

Eusebio alisema asante, akasema tena. Akazunguka nyuma ya hita kwenda kutoa shuka, maana ilikuwa bado inaning'inia na mtu aliyefagia pale kwa miaka kumi na mmoja asingeiacha. Noreen alisubiri arudi. Alipoona harudi alichungulia. Alikuwa amekaa chini kwenye ile nafasi nyembamba, magoti yamegusa ukuta, ameukumbatia ule mzigo wa shuka, analia bila sauti.